Mjane wa Reims: Maisha ya Bibi Clicquot

Chini ya mji wa Reims, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kuna mji mwingine usioona jua. Ni mahandaki marefu yaliyochimbwa katika mawe meupe ya chaki na watu wa kale waliotafuta mawe ya kujengea. Siku hizi mawe hayachimbwi tena. Humo hulazwa mamilioni ya chupa za shampeni, yaani ule mvinyo wa mapovu uliopata jina lake kwa jimbo lenyewe la Champagne. Hewa ya humo haibadiliki, kiangazi wala kipupwe. Ni baridi ya kadiri ya digrii 10 hadi 12. Mwaka 2015 shirika la UNESCO liliyatia mahandaki hayo, pamoja na mashamba ya mizabibu na majumba ya wenye biashara hiyo, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wageni huja makundi kwa makundi. Huteremshwa ngazi hadi chini, wakapitishwa baina ya safu za chupa, wakaelezwa namna zabibu igeukavyo mvinyo na mvinyo upatavyo mapovu. Mwisho wa ziara hupandishwa juu, kila mmoja akamiminiwa kidogo katika bilauri nyembamba. Huambiwa atazame kwanza rangi na jinsi mapovu yapandavyo, kisha anuse, ndipo aonje. Katika moja ya nyumba hizo, jina alisikialo mgeni tangu aingiapo hata atokapo ni la mwanamke aliyekufa mwaka 1866. Nyumba yaitwa Veuve Clicquot, na neno hilo veuve kwa Kifaransa maana yake ni mjane.

Msomaji wa pwani hana haja ya bilauri hiyo. Kwetu sisi mvinyo ni haramu, wala katazo halikumshika mnywaji peke yake. Akamuaye, abebaye na auzaye wote wamo. Hilo twalijua tangu chuoni, na makala haya hayakuja kulipunguza. Lakini maisha ya bibi huyu yana mambo ambayo si ya chupa: uyatima wa mtoto, vita, bahari, deni, sheria ya mirathi na neno la mwanamke mbele ya wanaume. Hayo yote sisi pia twayajua, na ndiyo sababu ya kumsimulia.

BINTI WA TAJIRI WA NGUO

Alizaliwa Reims tarehe 16 Desemba 1777, akaitwa Barbe-Nicole Ponsardin. Baba yake, Nicolas Ponsardin, alikuwa tajiri wa nguo za sufu, na Reims ulikuwa mji wa nguo kabla haujawa mji wa mvinyo. Ulikuwa pia mji wa heshima kubwa, kwani wafalme wa Ufaransa walikuja kutawazwa katika kanisa lake kuu. Mzee Ponsardin alitamani sana kuhesabiwa miongoni mwa makabaila waliouzunguka ufalme huo.

Mwaka 1789 mapinduzi yakatokea, na makabaila wakawa ndio wanaotafutwa. Mzee Ponsardin aliujua upepo. Aligeuza tanga, akawa pamoja na wanamapinduzi, na nyumba yake ikasalimika. Baadaye Napoleon aliposhika nchi tanga likageuzwa tena, na mzee huyo akawa meya wa Reims na kupewa cheo cha baroni. Binti yake alikuwa na miaka 11 mapinduzi yalipoanza, akisomeshwa na watawa wa kike. Husimuliwa kwamba mshonaji nguo wa familia alikwenda kumchukua, akamvika matambara na viatu vya mbao kama mtoto wa maskini, akampitisha katikati ya makundi ya watu wenye hasira hadi mahali pa salama. Kama kisa hicho ni kweli, basi somo lake la kwanza la dunia lilikuwa kwamba mali na jina huweza kugeuka sumu kwa siku moja.

Tarehe 10 Juni 1798 aliozwa François Clicquot, kijana wa nyumba nyingine ya matajiri wa nguo katika mji huohuo. Ilikuwa ndoa iliyopangwa na wazee, mali kwa mali, kama zilivyo ndoa nyingi za matajiri duniani. Kwa vile ibada za kanisa bado zilikuwa zikibanwa na serikali, padri, yasemekana, aliwafungisha ndoa kwa siri ndani ya ghala la chini ya ardhi. Mwaka uliofuata walipata mtoto wa kike, Clémentine. Hakuzaliwa mwingine.

Baba yake François, mzee Philippe Clicquot, alikuwa ameanza kuuza mvinyo tangu 1772, lakini kwake ulikuwa kama kitoweo tu pembeni ya biashara ya nguo. Kijana François ndiye aliyeupenda. Aliipa mgongo sufu, akafunga safari za Ujerumani na Uswisi kutafuta wanunuzi, na katika safari hizo akakutana na Mjerumani mmoja aitwaye Louis Bohne, mtu mwenye lugha nyingi na miguu isiyochoka. Bohne akawa wakala wake. Mke naye hakukaa ndani. Walizunguka pamoja katika mashamba ya mizabibu, wakajifunza ardhi ipi inazaa zabibu gani, na mvinyo upi ukichanganywa na upi ndio unaopendeza. Wote wawili walikuwa wanafunzi, kwani hakuna aliyezaliwa katika kazi hiyo.

Mnamo Oktoba 1805 François alishikwa na homa. Haikupita siku nyingi, akafa. Mkewe alikuwa na miaka 27, na mtoto wao miaka sita.

MLANGO ULIOACHWA WAZI

Mzee Philippe alivunjika moyo. Huyo ndiye aliyekuwa mwanawe wa pekee, na biashara yenyewe ilikuwa haijaleta faida ya kuridhisha. Akatangaza kwamba atafunga. Hapo ndipo mjane alipomwendea mkwewe na kumwomba asifunge, ampe yeye aiendeshe.

Ili msomaji aone uzito wa ombi hilo, yafaa tuitazame sheria ya nchi hiyo wakati ule. Mwaka 1804, yaani mwaka mmoja tu kabla ya msiba huo, Napoleon alikuwa ametoa sheria mpya kwa Ufaransa nzima. Kwa sheria hiyo mke aliwajibika kumtii mumewe, na bila ya idhini ya mume hakuweza kununua wala kuuza mali, kushitaki mahakamani, wala kutia sahihi mkataba. Msichana naye, kwa desturi, alikuwa chini ya mkono wa baba. Mjane peke yake ndiye aliyeachiwa nafasi: alikuwa na heshima ya mke wa mtu, lakini hana mume wa kumwomba ruhusa. Sheria haikukusudia kumpa uhuru. Ilimsahau tu, akapita kwenye mlango ulioachwa wazi. Ndiyo maana Bibi Clicquot, aliyebaki mjane kwa zaidi ya miaka 60, hakuolewa tena. Siku ambayo angeolewa, angelazimika kuomba idhini ya mume kwa kila mkataba.

Msomaji aliyekaa mbele ya mwalimu akasoma mlango wa mirathi atashangaa. Katika sheria ya Kiislamu mahari ya mke ni yake, urithi wake ni wake, na faida ya biashara yake ni yake, awe ameolewa au hakuolewa. Bibi Khadija, radhi za Mungu ziwe juu yake, alikuwa mjane mwenye mali iliyokwenda na misafara hadi Sham, karne 12 kabla ya mjane huyu wa Reims kumwendea mkwewe. Haki ambayo Mfaransa aliiokota njiani, Mwislamu alipewa mkononi.

Mzee Philippe alikubali, lakini kwa sharti. Mjane asifanye kazi peke yake. Ashirikiane na mtu aliyekwisha kukomaa katika mvinyo, afundishwe. Akachaguliwa Alexandre Fourneaux, wakafunga ubia wa miaka minne. Tangu 1806 mwanamke huyo alikuwa akiamka mapema kuandika barua, kukagua hesabu na kushuka ghalani. Alijifunza kwa macho, kwa pua na kwa ulimi, kwani mwenye kazi hiyo lazima aonje mvinyo wa mapipa mengi na kuamua upi uchanganywe na upi.

VITA NA BANDARI

Ubia huo ulianza wakati mbaya. Ulaya nzima ilikuwa vitani. Napoleon alifunga bandari za bara kwa Waingereza, na Waingereza wakazilinda bahari zisipite shehena za Wafaransa. Maelfu ya chupa za nyumba ya Clicquot zilikwama Amsterdam, zisiende mbele wala kurudi nyuma, hata mvinyo ukaharibika. Bohne alikwenda hadi Urusi kutafuta soko, akakuta watu wanaoupenda mvinyo wa mapovu, lakini njia ya kuwafikishia ilikuwa kama tundu la sindano.

Mwaka 1810 muda wa ubia ukaisha na Fourneaux akajitoa. Wengi walitaraji kwamba mjane naye ataaga. Yeye akafanya kinyume: aliisajili upya biashara kwa jina lake mwenyewe, Veuve Clicquot-Ponsardin, jina la mume na jina la baba pamoja, na mbele yake lile neno mjane. Alilipandisha juu ya mlango neno ambalo wengine hulificha.

Mwaka uliofuata, 1811, nyota kubwa yenye mkia ilionekana angani kwa miezi mingi. Wakulima wa Champagne waliivuna siku hizo zabibu nzuri ambayo hawajaiona kwa miaka, wakasema nyota ndiyo iliyoileta. Bibi Clicquot alichora nyota hiyo kwenye vizibo vyake, pamoja na nanga, alama ambayo nyumba yake ilikwisha kuitumia na ambayo kwa Wakristo ni alama ya matumaini. Lakini chupa nzuri bila ya mnunuzi ni mzigo wa ghala. Napoleon aliingia Urusi 1812 na kushindwa, na Urusi ikaufungia mlango mvinyo wa Ufaransa uliotiwa chupani.

Mwanzoni mwa 1814 majeshi ya Warusi na wenzao yaliingia Reims. Matajiri walifukia mali zao. Bibi Clicquot naye aliziba kwa ukuta baadhi ya maghala yake ili kuinusuru ile zabibu ya mwaka wa nyota. Maofisa wa Urusi wakanywa mvinyo wake mwingine, na husimuliwa kwamba hakulia sana juu ya hasara hiyo. Aliona moyoni mwake kuwa hao wanaokunywa leo ndio watakaolipa kesho. Ladha waliyoizoea Reims wangeitamani kwao.

MERIKEBU YA SIRI

Hilo ndilo lililotokea, lakini halikutokea lenyewe. Mnamo Aprili 1814 Napoleon aliacha kiti. Kila tajiri wa Champagne alijua kwamba mlango wa Urusi karibu utafunguka, na kila mmoja alingoja tangazo. Bibi Clicquot hakungoja. Kwa siri kubwa, bila ya washindani wake kujua, alikodi merikebu ya Kiholanzi iitwayo Zes Gebroeders, yaani Ndugu Sita, iliyokuwa katika bandari ya Rouen. Akapakia chupa 10,550, na pamoja nazo akampandisha Louis Bohne.

Fikiri, msomaji, hatari ya jambo hilo. Sisi watu wa bandari twajua maana ya kutoa shehena yako yote ya thamani kabla forodha ya uendako haijaikubali. Bima ya uhakika haikuwako. Hari ya mwezi wa sita ingeweza kuzipasua chupa ndani ya ngama. Merikebu ingeweza kuzuiwa, na habari ingemfikia mjane majuma kadhaa baada ya msiba kupita. Kwa miaka minane alikuwa amepata zaidi hasara kuliko faida. Lau shehena hiyo ingelipotea, nyumba ingelifungwa.

Merikebu iling'oa nanga tarehe 6 Juni, ikapita njia ya kaskazini, na mwanzoni mwa Julai ikafika Königsberg, bandari ya Prussia katika bahari ya Baltiki, mlangoni mwa Urusi. Bohne alizifungua chupa akakuta zimesalimika, na mvinyo wake u safi. Habari zikaenea mjini. Wanunuzi walimfuata hadi hotelini, wakagombania, naye akawa ndiye apangaye bei. Kabla fedha za shehena ya kwanza hazijahesabiwa, mjane alikwisha kuandaa merikebu ya pili, yenye chupa zaidi ya 12,000, kwenda Saint Petersburg yenyewe. Washindani walipoamka, Warusi walikuwa wamekwisha kulizoea jina moja. Kwa muda wa miaka mingi baadaye, Mrusi aliyetaka mvinyo wa mapovu alitaja jina la Clicquot kama vile watu watajavyo jina la kampuni moja wakakusudia bidhaa yenyewe.

MEZA YA JIKONI

Ushindi huo ulizaa taabu mpya. Maombi yalikuwa mengi kuliko chupa, na kuzitengeneza haraka hakukuwezekana. Tueleze kwa nini.

Zabibu hukamuliwa, maji yake yakatiwa mapipani na kuchacha. Kisha mvinyo huo hutiwa chupani pamoja na sukari na hamira kidogo, na chupa ikazibwa. Mle ndani huchacha mara ya pili. Hewa itokayo haina pa kupita, basi hubaki imebanwa katika mvinyo, na hiyo ndiyo inayokuwa mapovu. Nguvu yake hufika mara tano au sita ya hewa hii tuivutayo. Zama hizo vioo vilikuwa dhaifu, na chupa moja ikipasuka huweza kuzipasua na jirani zake. Wafanyakazi walivaa vinyago vya chuma kuyalinda macho yao.

Hilo la kwanza. La pili, hamira ikishamaliza kazi yake hufa, ikaacha mashapo yanayouchafua mvinyo. Ukiumimina katika chupa nyingine ili kuyaacha mashapo, mapovu hutoroka. Ukizilaza chupa na kuzitikisa moja moja, kazi huchukua muda mrefu na mvinyo mwingi humwagika. Tajiri aliyetaka kuuza kitu safi chenye mapovu alikuwa hana njia ya mkato.

Bibi Clicquot aliwaza kuzigeuza chupa vichwa chini, mashapo yateremke yenyewe hadi kwenye kizibo. Husimuliwa kwamba alichukua meza ya jikoni mwake, akaamuru itobolewe matundu, kila tundu la kuingiza shingo ya chupa. Kila siku chupa iligeuzwa kidogo na kutikiswa kidogo, ikarudishwa tunduni. Wafanyakazi, wasema wasimulizi, walimcheka. Aliyesimama naye ni msimamizi wa ghala lake, Antoine de Müller, na wawili hao wakalijaribu jambo hilo kwa siri. Baada ya majuma sita hadi manane mashapo yote yalikuwa yamekaa juu ya kizibo kama kofia. Hapo kizibo kilifunguliwa upesi, nguvu ya hewa ikayarusha mashapo nje, pengo likajazwa mvinyo wenye sukari, na chupa ikazibwa tena. Mvinyo ukawa mweupe kama maji ya kisima, na mapovu yako palepale.

Hiyo ilikuwa karibu na mwaka 1816. Siri ilihifadhiwa kwa miaka kadhaa, na washindani wakastaajabu imekuwaje mwanamke huyu apeleke bidhaa safi tena kwa wingi. Baadaye meza iligeuzwa ikawa mbao mbili zilizoegemezana kama paa la hema, nayo ikaenea Champagne nzima. Tangu miaka ya 1970 mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini kanuni haikubadilika. Mgeni anayeonyeshwa leo chupa zilizoinamisha vichwa gizani anaonyeshwa fikira iliyotoka jikoni.

Mwaka 1818 akafanya jambo jingine. Shampeni ya rangi ya waridi zamani ilitiwa rangi kwa matunda fulani. Yeye alichanganya mvinyo mweupe na mwekundu wa mashamba yake ya Bouzy, rangi na ladha zikatoka katika zabibu yenyewe. Kwa wauzaji walioiba jina lake na kulibandika kwenye mvinyo hafifu hakuwa na huruma; aliwapeleka mahakamani. Alijua kwamba mnunuzi aliye mbali hawezi kuonja kabla ya kununua. Ananunua jina, na jina ni amana.

HESABU ILIYOMKOSEA

Tusimfanye malaika. Alikuwa na makosa, na moja karibu limwangamize. Katika miaka ya 1820 aliingia katika biashara ya benki na kurudia ile ya nguo, kazi alizoacha wazee wake. Mwishoni mwa miaka hiyo benki moja ya Paris iliyokuwa na fedha zake ilianguka. Habari ikasambaa kwamba mjane hana kitu, na wenye amana wakaja mbio kudai. Yeye hakuwapo mjini.

Aliyemwokoa ni Edouard Werle, kijana wa Kijerumani aliyeajiriwa naye mwaka 1821. Kijana huyo alikwenda Paris akaweka rehani mali yake mwenyewe, akarudi na fedha, akawalipa watu hata wakatulia. Bibi hakulisahau. Mwaka 1831 alimfanya mshirika kamili, na polepole akaachana na benki na nguo, akabaki na lile moja alilolijua.

Kwa upande wa nyumbani mambo yalikuwa mengine. Clémentine aliolewa mwaka 1817 na kabaila aitwaye Louis de Chevigné, mtu wa ucheshi na mashairi, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi zaidi katika kutumia kuliko kuchuma. Bibi Clicquot alimpenda mkwe wake, akamlipia madeni yake, hata akajenga jumba kubwa la fahari huko Boursault, juu ya bonde la mto Marne, katika miaka ya 1840. Ila hakumpa funguo za ghala. Binti yake hakulelewa katika biashara, na jambo hili lashangaza: mwanamke aliyepigania nafasi yake namna ile hakumfundisha binti yake kuishika. Pengine alitaka mtoto apate raha ambayo yeye hakuipata. Alipokufa, biashara ilikwenda kwa Werle, yule mwajiriwa, na familia ikapata majumba na mali.

Katika uzee wake alikaa Boursault, akipokea wageni na kuandika barua, akizungukwa na jamaa zake. Mchoraji Léon Cogniet alimchora akiwa ameketi kitini, mwili mnene, uso wa mtu aliyezoea kusikilizwa, na miguuni pake kitukuu chake Anne. Binti yake Clémentine alimtangulia, mwaka 1863. Yeye mwenyewe akafa hukohuko Boursault tarehe 29 Julai 1866, akiwa na miaka 88. Ile karatasi ya manjano inayoijulisha chupa yake mbali ilisajiliwa baada yake, mwaka 1877, na tangu 1987 nyumba hiyo imekuwa ndani ya kundi la makampuni la LVMH.

CHUPA ZA BALTIKI

Kuna mwisho mwingine wa kisa hiki, nao ni wa baharini. Mwaka 2010 wapiga mbizi waliozamia karibu na visiwa vya Åland, baina ya Finland na Sweden, walikuta chombo kilichozama katika karne ya 19, kiasi cha mita 50 chini ya maji. Ndani yake mlikuwa na chupa 168. Hazikuwa na karatasi. Maji yalikwisha kuzila. Zaidi ya 40 zilitambuliwa kuwa za Bibi Clicquot kwa alama zilizochomwa kwenye vizibo vyake, nyota yenye mkia na nanga.

Wataalamu walizifungua chache, wakazipima na kuzionja. Kwanza, wasema, zilitoa harufu mbaya, kama ya jibini au ya mnyama; zilipopata hewa zikageuka, zikawa na harufu ya moshi na ngozi. Walipopima sukari walikuta kadiri ya gramu 150 katika kila lita, ilhali shampeni nyingi za leo hazifiki 12. Wanunuzi wa Baltiki na Urusi walipenda kitu kitamu mno, na mjane aliwapelekea walichokipenda. Waingereza waliotaka kikavu waliridhishwa zaidi na mjane mwingine wa Reims, Bibi Pommery, aliyekuja nyuma yake. Kwa muda wa miaka 170 hivi, giza na baridi ya bahari vilizihifadhi chupa hizo kama vile mahandaki ya Reims yangelizihifadhi.

Sisi hatutazionja, wala hatuoni hasara. Tunachobaki nacho ni hesabu ya maisha yake. Huyu ni mwanamke ambaye sheria ya nchi yake haikumpa kitu, akaitumia nafasi ndogo iliyosahauliwa na watunga sheria. Alimshawishi mzee mwenye majonzi, akangoja miaka minane ya hasara, akapakia merikebu kabla mlango haujafunguliwa.

Mjane wetu yeye sheria imempa. Thumni yake akiwa marehemu ameacha watoto, robo yake akiwa hakuacha, imeandikwa na haifutiki. Lakini ni wangapi katika miji yetu ambao eda haijesha, mashemeji wamekwisha kuuza minazi, wakamwambia ati mwanamke hajui mambo ya mali? Mzee Philippe Clicquot hakuwa na aya iliyomlazimisha. Alimsikiliza tu mke wa marehemu mwanawe, akampa mali aiendeshe. Wetu hahitaji hata hisani hiyo. Anahitaji apewe kilicho chake.